Sauti ya Fadhili William iliyofunikwa na wimbo wake

Muhula uliopita nilikuwa nikifundisha mada ya nyimbo katika fasihi simulizi, nikaona heri nianze kwa kuwachezea wanafunzi wimbo badala ya kuwatajia sifa za wimbo ubaoni. Nikafungua simu, nikaiunganisha na spika ndogo, nikawawekea "Malaika" kama alivyouimba Fadhili William. Nusu dakika haikuisha kabla ya kijana mmoja wa viti vya mbele kuinua mkono. Kijana huyo ni mwanakwaya hodari, na sikio lake si la kubezwa.

"Mwalimu, hii ni kava ya nani? Tuwekee ile yenyewe."

Nikamuuliza ile yenyewe ni ipi. Akanijibu bila kusita kwamba ni ya Miriam Makeba, na darasa karibu lote likatikisa vichwa kumuunga mkono. Nilipowaambia kwamba huyu waliyekuwa wakimsikiliza ndiye wa kwanza kuurekodi wimbo huo, na kwamba wengine wote walimfuata, kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo limenikaa kichwani hadi leo: "Lakini mwalimu, huyu haimbi. Huyu anaongea tu."

Kengele ikalia, nami sikuwa na jibu la maana. Basi makala haya ni jibu langu lililochelewa. Na nianze kwa kukubali kwamba kijana yule alisikia vizuri kuliko wengi wetu. Fadhili William, katika rekodi ile, yu karibu sana na mtu anayezungumza. Ugomvi wangu na mwanafunzi wangu ni juu ya lile neno "tu".

Kabla sijaenda mbali, tuondoe kisiki njiani. Kila jina la Fadhili linapotajwa redioni, gazetini au barazani, mazungumzo huishia pale pale: ni nani hasa aliyeutunga wimbo? Wapo wanaoshikilia kwamba ni Adam Salim, na kwamba aliutunga tangu miaka ya arobaini. Wapo wanaomtaja Grant Charo. Na kuna santuri zenyewe, ambazo ziliandikwa jina la Fadhili. Ubishi huo una uzito wake, maana nyuma yake kuna swali la mrabaha, na mrabaha ni chakula cha watoto wa mtu. Siuingilii leo. Ninachosema ni kwamba tumegombania kalamu kwa zaidi ya nusu karne hata tukasahau kuuliza habari za koo. Hata kama ingethibitishwa kesho kwamba Fadhili hakutunga hata silabi moja, bado ingebaki kazi moja aliyoifanya yeye mwenyewe, ambayo hakuna anayeweza kuidai: aliuimba.

Fadhili William Mdawida alizaliwa mwaka wa 1938 katika nchi ya Wataita. Jina lake la mwisho lenyewe ni kitambulisho. Wataita wa milima ile hujiita Wadawida, na lugha yao ni Kidawida. Alikuwa, kwa hivyo, mtu wa bara-pwani, wa pale ambapo Kiswahili cha Mombasa hupanda mlima na kukutana na lugha nyingine. Mwaka wa 1960, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alirekodi "Malaika" pamoja na bendi ya Jambo Boys. Kunako 1963 aliurudia kwa studio ya Equator Sound, iliyokuwa ya Mwingereza Charles Worrod, safari hii na Equator Sound Band. Bendi hiyo ilikuwa na watu! Alikuwapo Daudi Kabaka, alikuwapo Gabriel Omolo, walikuwapo Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia. Fadhili ndiye aliyewaongoza. Ukiyatazama majina hayo utaona tatizo la kwanza la Fadhili: alisimama katikati ya watu wenye sauti za kushika mtu shati.

Sasa hebu tumsikilize kidogo. Gitaa linaanza, taratibu, halina haraka ya kwenda popote. Kisha sauti inaingia, nyembamba, ya juu kiasi, bila mtetemo wa kutengenezwa. Haipandi ngazi kwa kishindo ili usikie kwamba imepanda. Inapofika mwisho wa sentensi haing'ang'anii irabu ya mwisho kwa sekunde tatu ili upige makofi. Inaiachilia, kama vile wewe na mimi tunavyoachilia neno la mwisho tunapomwambia mtu jambo ambalo halituelekei vizuri. Kila silabi ina noti yake, basi. Hakuna zile tashtiti za koo za kuizungusha irabu moja mara tano ambazo waimbaji wa taarabu walizirithi na kuzipamba. Ukisikiliza kwa haraka utasema hakuna kinachotendeka.

Lakini kinachotendeka kiko kwenye lugha, na hapa ndipo ninapoomba msomaji avumilie sarufi kidogo.

Wimbo huu, kama tujuavyo sote, ni wa kijana mnyonge anayempenda msichana lakini hana mali ya kumwoa. Kitovu chake ni kitenzi kimoja chenye kiambishi -nge-. Walimu wetu walitufundisha tofauti ya -nge- na -ngali-. Ya kwanza hutaja jambo ambalo halipo sasa lakini mlango wake haujafungwa kabisa. Ya pili hutaja jambo ambalo wakati wake umekwisha pita, maji yamemwagika. Najua mitaani watu huyachanganya, na wataalamu wenyewe hawapatani juu ya mipaka yake, ila tofauti ya hisia ipo. Mtu wa -ngali- anaomboleza. Mtu wa -nge- anahesabu shilingi zake na kuona hazitoshi leo; kesho, nani ajuaye? Fadhili anaimba kwa sauti ya -nge-. Halii. Hajitetei. Anatoa maelezo kwa msichana wa rika lake, pengine wamesimama njiani, pengine kuna watu wanapita na hawezi kupandisha sauti. Umaskini una adabu yake ya kusema. Mtu asiye na mahari hatangazi kwa kipaza sauti kwamba hana mahari.

Nami huwa nacheka peke yangu katika harusi. Utakuta bwana harusi amelipa ng'ombe, amelipa ukumbi, amelipa gari la kukodi lenye maua, na mwimbaji aliyelipwa vizuri anasimama mbele ya spika zenye ukubwa wa kabati na kuupaaza wimbo wa kijana aliyeshindwa kuoa kwa sababu ya ufukara! Watu wanapiga vigelegele. Maneno yamekuwa pambo. Na chanzo kimoja cha maneno hayo kuwa pambo ni kwamba tumeyazoea yakiimbwa kwa sauti isiyoamini kwamba kuna mtu asiye na pesa.

Kuna jambo la pili la lugha. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno "malaika" lina silabi nne: ma-la-i-ka, na mkazo uko kwenye i. Wageni wengi hupenda kuziminya la na i ziwe silabi moja, neno likabaki na silabi tatu, na mkazo ukahama. Hilo la wageni tunalifahamu. Tusilolifahamu ni kwamba hata mzawa wa lugha anaweza kuupoteza mkazo kwa kuimba kwa nguvu. Mkazo ni tofauti kati ya silabi moja na jirani yake. Ukizipaaza zote sawa, umefuta tofauti. Mwimbaji wa sauti ya chini ana nafasi ya kupanda kidogo na kushuka kidogo, na katika kidogo hicho ndimo Kiswahili kinamoishi. Ndiyo sababu wimbo wa Fadhili unaeleweka neno kwa neno hata kwenye santuri iliyokwaruzwa au redio yenye betri zilizochoka. Jaribu zoezi hilo na vibao vingi vya leo, uone kama utafika ubeti wa pili bila kumuuliza jirani, "Amesema nini hapo?"

Na kwa kuwa ukurasa huu ni wa lugha, niongeze kidokezo kuhusu neno lenyewe. Kiarabu, tulikolitoa, kina malak kwa mmoja na malaika kwa wengi. Waswahili walilichukua la wengi wakalifanya la mmoja, kisha wakaliacha litumike kwa wote: malaika mmoja, malaika saba. Lina maana nyingine pia. Mtoto mchanga huitwa malaika. Na vile vinywele laini vya mwilini, ambavyo kimoja chake ni laika, navyo ni malaika, katika ngeli ya li-ya. Kwa hivyo mtu anaweza kusema, bila kukosea sarufi, kwamba aliusikia "Malaika" malaika yakamsimama.

Sasa tuulize historia: sauti ya namna hii ilitoka wapi? Haikutoka hewani.

Kwa muda mrefu sana mwimbaji wa umma alikuwa mtu wa kupasa sauti, kwa sababu hapakuwa na chombo cha kumsaidia. Mfano wetu mkuu ni Siti binti Saad wa Unguja, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Husimuliwa kwamba katika ujana wake alizunguka akiuza vyungu, na kwamba wateja waliitambua sauti yake kabla hajafika mlangoni. Sauti iliyofundwa na njia na ua ni sauti ya kufika mbali. Alipokwenda Bombay mwaka wa 1928 kurekodi santuri za HMV, alikwenda na sauti hiyo iliyokwisha komaa.

Miaka mitatu tu kabla ya safari hiyo, yaani 1925, kampuni za santuri zilikuwa zimeanza kutumia maikrofoni ya umeme badala ya lile pembe kubwa ambalo mwimbaji alilazimika kulipigia kelele. Mabadiliko hayo yanaonekana kuwa ya mafundi, kumbe yalibadilisha maana ya kuimba. Kwa mara ya kwanza katika historia ya binadamu, mtu aliweza kuimba kwa sauti ya kumwimbia mtu mmoja aliye karibu, na watu milioni wakamsikia. Kule Marekani kina Bing Crosby walilishika jambo hilo mapema. Wakosoaji wa wakati huo waliwaona kama wanaume legelege wanaonong'ona. Lawama ya "huyu haimbi, anaongea tu" ina umri mkubwa kuliko mwanafunzi wangu.

Kwetu, aliyelishika jambo hilo kabla ya Fadhili ni Fundi Konde. Alizaliwa mwaka wa 1924 katika pwani ya Kenya, akaenda vitani wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kazi yake ikiwa kuwaburudisha wanajeshi, kisha akarudi na kuanza kurekodi Nairobi katika miaka ya arobaini. Sikiliza "Tausi Ndege Wangu" au "Majengo Siendi Tena". Ni mtu anayekusimulia kisa huku ameegemea kitu. Ucheshi wake uko kwenye utulivu. Angepaaza sauti, kichekesho kingekufa. Fundi Konde alibahatika kidogo uzeeni: katika miaka ya tisini rekodi zake za 1947 hadi 1956 zilikusanywa zikatolewa upya, na vijana wachache wakamjua. Halafu kulikuwa na wageni waliotuongezea ladha hiyo, kama Edouard Masengo aliyetoka Katanga na gitaa lake na Kiswahili cha Kongo, akakaa nasi Nairobi. Sauti ya upole ilikuwa hewani, kwa hivyo. Fadhili aliikuta, akaipunguza zaidi, akaitoa kwenye kichekesho na kuitia kwenye majonzi.

Kuna mtu mmoja zaidi wa kutajwa, na najua baadhi ya wasomaji wangu watanyanyuka vitini. Jim Reeves. Wakenya wanampenda Jim Reeves mapenzi ambayo sijui kama huko kwao Texas wanampenda hivyo. Nenda Jumapili jioni katika mji wowote wa Bonde la Ufa au Magharibi uketi karibu na redio, utanielewa. Reeves alianza akiimba kwa nguvu, kama walivyofanya waimbaji wenzake wa kantri. Mwaka wa 1957, aliporekodi "Four Walls", aliisogelea maikrofoni karibu kuigusa kwa midomo, akashusha sauti, na maisha yake yakabadilika. "He'll Have to Go", uliovuma mwaka wa 1960, ni mtu anayezungumza kwa simu na mpenziwe aliye na mwanamume mwingine chumbani. Huwezi kupayuka katika mazungumzo kama hayo.

Mwaka wa 1960! Ndio mwaka ule ule ambao kijana wa Kitaita aliingia studio Nairobi na kuimba kana kwamba naye anazungumza na mtu mmoja. Babu zetu walimsifu Reeves kwa sauti yake tulivu, wakasema huyu ni muungwana, huyu anaimba kwa moyo. Fadhili aliyekuwa na utulivu ule ule, tena kwa lugha wanayoiota, walimwona wa kawaida. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi. Nadhani utulivu wa mgeni huonekana ni ufundi, na utulivu wa jirani huonekana ni ukosefu wa nguvu. Pengine pia ni kwa sababu lugha ya Reeves wengi hawakuielewa vizuri, kwa hivyo walilazimika kusikiliza sauti. Ya Fadhili waliielewa mno, wakashika maneno, sauti wakaiacha.

Nirudi kwa Miriam Makeba, maana simtendei haki nikimwacha kama mtu aliyemnyang'anya mwingine. Makeba aliufanya wimbo ule ujulikane duniani. Aliuimba na Harry Belafonte kwenye santuri yao ya 1965, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata, na akaendelea kuuimba majukwaani miaka nenda miaka rudi. Yeye hakuwa mzungumzaji wa Kiswahili, na neno liliteleza hapa na pale. Waswahili wamemsema sana kwa hilo. Lakini nimegundua kwamba mahadhi ya lugha hayakumpa shida kama yalivyowapa wengine. Sababu ni kwamba mama yake alikuwa Mswazi na baba yake Mxhosa, na lugha hizo za Kinguni huivuta irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho. Ni binamu wa mkazo wetu. Sikio lake lilimwelekeza palipo na uzito hata maneno yalipomponyoka.

Ila alichokiimba si kile alichokiimba Fadhili. Makeba alikuwa mkimbizi wa kisiasa. Serikali ya makaburu ilikuwa imemzuia kurudi nyumbani tangu mwaka ule ule wa 1960. Katika sauti yake wimbo unakuwa mkubwa, wa jukwaa, wa mtu anayetamani kitu kilicho ng'ambo ya bahari. Ni wimbo wa -ngali- sasa. Mimi naupenda. Baada yake walikuja Boney M mwaka wa 1981 wakautia mdundo wa disko, na Angélique Kidjo mwaka wa 1991 akautia ile sauti yake inayoweza kubomoa ukuta. Kila mmoja aliongeza kitu: ala, kwaya, mdundo, nguvu. Kwa kuwa kila toleo liliongeza, la kwanza lilionekana ni upungufu. Hivyo ndivyo mwanafunzi wangu alivyofika kwenye dai lake. Alianza na nyumba iliyokwisha pakwa rangi, akaonyeshwa ukuta wa mawe, akauliza rangi iko wapi.

Ndani ya nyumba yake mwenyewe Fadhili hakuwa na bahati pia. Enzi ya Equator ilikuwa enzi ya twisti. Watu walitaka kucheza. Uhuru ulikuwa mlangoni, kisha ukaingia. Sauti ya enzi hiyo ni ya Daudi Kabaka, ang'avu, ya kuita watu uwanjani, na haishangazi kwamba "Helule Helule" wake ulichukuliwa na Tremeloes wa Uingereza mwaka wa 1968 wakaufanya wao. Fadhili naye alikuwa na vibao vya kuchezeka. "Taxi Driver" ni mojawapo, na hata humo, kwa sikio langu, hajifanyi jogoo. Humwachia mpiga gitaa kazi ya kuchangamsha ukumbi, yeye akabaki msimulizi. Ukiwa kiongozi wa bendi na ukaimba hivyo, watu watamkumbuka mwenzako.

Sidai kwamba alikuwa hana dosari. Eneo la sauti yake lilikuwa finyu, na katika nyimbo ambazo maneno yenyewe hayana kitu, upole ule unaweza kuchosha. Mtu anayezungumza vizuri anahitaji la kuzungumza. Tena sitaki msomaji adhani kwamba kila anayenong'ona ni fundi; kuna wanaonong'ona kwa sababu hawana sauti, na maikrofoni za siku hizi zinawaficha wengi. Kinachonifanya nimwite Fadhili fundi ni kwamba sauti yake haiyumbi. Kushusha sauti na kubaki kwenye noti ni kazi ngumu kuliko kupaaza. Muulize mwanakwaya yeyote: pumzi hukosekana mahali pa taratibu, si mahali pa kelele.

Na hapa ndipo suala linapotoka kwenye zilizopendwa na kuingia madarasani mwetu. Nimeketi katika mashindano ya muziki ya shule mara kadhaa kama msikilizaji tu. Nimeona mtoto akiimba kwa utulivu, kila neno likisikika, halafu akaambiwa "ongeza nguvu, jitokeze". Anayefuata anapiga mayowe, mishipa ya shingo imemtoka, maneno hayajulikani ni Kiswahili au ni nini, naye anapongezwa kwa "kujiamini". Ughani wa mashairi nao umeambukizwa. Mtoto wa darasa la tano anaghani shairi la kuomba msamaha kwa sauti ya kutangaza vita. Tumewafundisha kwamba hisia ni kiasi cha sauti. Tukifanya hivyo tunawanyima nusu ya lugha yao, ile nusu ya kubembeleza, kunong'oneza, kuusia, kukiri, kuomba kitu ambacho hujui kama utapewa. Lugha yetu ina vitenzi hivyo vyote, na kila kimoja kina kimo chake cha sauti.

Mwaka wa 2000 Fundi Konde alifariki. Februari 2001 akafuata Fadhili, akiwa amerudi nyumbani baada ya kuishi Marekani kwa miaka mingi. Kabla ya mwaka huo kwisha akaenda Kabaka. Katika muda wa miezi isiyozidi ishirini na minne tuliwazika watatu walioipa Nairobi sauti yake ya kwanza ya santuri za Kiswahili. Wa katikati alisindikizwa kwa maneno mengi kuhusu wimbo mmoja, na mengi ya maneno hayo yalikuwa ya ule ubishi niliouweka kando mwanzoni. Kwa kadiri ninavyokumbuka, machache sana yaliyosemwa siku hizo yaligusia alivyoimba.

Wiki jana nilipita nje ya ukumbi wa muziki saa za jioni. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Kijana wangu wa kwaya alikuwa peke yake, ameketi pembeni ya kinanda bila kukigusa, anaimba. Alikuwa amefika pale penye kitenzi cha -nge-, na alikuwa ameishusha sauti hata ilinibidi nisimame ili nimsikie. Silabi zilikuwa nne, zote zikihesabika. Aliponiona aliona haya, akakohoa, akainuka na kuanza mazoezi ya ngazi za sauti kwa nguvu zake zote.